Tulinunua injini Kampala, altaneta ni bei nyingine

Kampala tuliingia juu ya brekdauni. Noah ya binamu yangu ilianza kuchemsha tukiwa tumeshaipita Lukaya, mvuke ukafumuka chini ya viti vya mbele, na hapo hapo injini ikanoki. Harusi tuliyokuwa tunaiwahi ilifungwa bila sisi. Mwenye brekdauni alitutoza pesa ambayo Bukoba ningenunua mbuzi wawili na chenji ikabaki. Ukilalamika, anakuuliza kama utasukuma.

Kesho yake tukaelekezwa Kisekka, kwenye soko la spea. Muuzaji mmoja alikuwa na injini ya aina ya 3S kama ile ya Noah, akaiunga kwenye betri na kuiwasha pale pale sakafuni. Ikanguruma vizuri kabisa. Tukavutana bei, tukalipa. Tulipogeuka kutafuta wabebaji, kijana wake alikuwa ameshashika spana anafungua. Altaneta, bei yake. Stata, bei yake. Waya na kontroli boksi, njooni tuzungumze.

"Mmenunua injini, ssebo (bwana). Hivi vilikuwa vya kuiwashia tu."

Binamu aliwaka. Mimi nilishachoka, nikatoa hela ya waya na kontroli boksi. Stata na altaneta tukaamua tutahamishia zile za zamani.

Fundi tuliyempata ni mzee mmoja mwenye kofia ya McLaren, timu ya magari ya mashindano, iliyokolea grisi, Kiswahili chake kakitoa Mutukula mpakani alikofanya kazi ujanani. Tulipomweleza alicheka mpaka akaweka spana chini. Akatuambia hata huko Formula 1, kwenye mbio za magari, walikuwa wanauziana hivyo hivyo: mwenye kiwanda anakupa injini, lakini ile programu ya kuikamua nguvu yote anabaki nayo kwa ajili ya timu yake. Tangu 2018 FIA, wasimamizi wa mbio hizo, inamlazimisha ampe mteja injini iliyo sawa na ya timu yake, pamoja na programu ile ile. Na kuifungua mwenyewe huruhusiwi. Wahandisi wa kiwanda wanasafiri nayo na kukaa ndani ya gereji yako.

"Sasa McLaren ni mteja," akasema, anainua kiti cha dereva. "Ananunua kwa Mercedes. Mwaka 2024 akachukua ubingwa wa timu, Mercedes mwenyewe akawa wa nne!" Alilisema kama vile yeye ndiye aliyelipia.

Nikamuuliza, na ukigombana na anayekuuzia? Akanitajia timu ya Red Bull. Kuanzia 2010 hadi 2013 walibeba mataji yote kwa injini za Renault, kisha zikaja za haibridi, zinazosaidiwa na umeme, na maneno yakaanza. Kufikia 2016 injini ilikuwa ile ile ya Renault, ila imebandikwa jina la TAG Heuer, kampuni ya saa.

Mchana ndipo tukagundua kwamba 3S yetu imetoka kwenye gari ambalo injini inalala kwa upana. Ya Noah inalala kwa urefu. Sampo, lile bakuli la oili la chini, haikai; maunting, vishikio vya injini, hazikutani. Binamu alikaa kwenye tairi, kimya. Fundi wala hakupandisha sauti: Honda walipojitoa Formula 1 mwishoni mwa 2008, timu ikabaki na gari lililochorwa kwa injini ya Honda, wakatia ya Mercedes, ikabidi wakate chasisi kwa nyuma. Ndiyo timu ya Brawn hiyo, dereva wao Jenson Button akawa bingwa 2009. Akavua sampo na maunting za injini yetu iliyokufa, akaanza kuhamisha.

Nilikaa pale nikiwaza mafundi wetu wa Bukoba. Kule mwenye duka la spea ni jirani, watoto wake wanasoma na wako, akikuuzia injini bila stata msibani mtaangaliana vipi? Lakini kwake utasubiri mzigo utoke Dar, na anapandisha bei akijua huna pa kwenda. Kisekka hakuna anayekujua, ila kitu kipo leo.

Siku zilizobaki zilikuwa za kula rolex, chapati ya kuviringishia mayai, na kungoja. Gari likawaka, nguvu linazo. Shida ikawa mpakani: namba ya injini si ile iliyo kwenye kadi ya gari, wanataka risiti. Tukaitoa. Imeandikwa "injini 1", bila namba, bila jina la duka, na ile hela ya kontroli boksi haimo. Mpaka sasa kadi bado inasoma namba ya zamani, na binamu ananiambia nimrudishie nusu.