Kidonge Kimoja na Kijumba Chake

Jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote katika kazi yangu ya kusanifu vifungashio vya dawa halihitaji mtambo wa bei kubwa. Tunachukua blista kadhaa (vile vibao vyembamba vyenye kijumba kwa kila kidonge) zilizotoka kwenye mashine muda huohuo, tunazizamisha katika maji yaliyotiwa rangi ya methilini buluu ndani ya chombo cha kioo kinene, tunafunga mfuniko na kuvuta hewa hadi mapovu yaanze kupanda. Muda uliowekwa ukitimia tunairudisha hewa, na hapo ndipo maji yanapojipenyeza popote penye upenyo. Kisha tunazisuuza blista, tunazifuta, na kufungua kijumba kimoja kimoja kwa wembe. Kidonge kikitoka cheupe, kijumba chake kimezibwa vizuri. Kikitoka na doa la buluu, hata dogo namna gani, mashine inazimwa.

Mwaka jana, katikati ya zamu ya usiku, fundi wa mashine aliniita. "Injinia, njoo ukitazame hiki," aliniambia, akaniwekea kiganjani kidonge kilichokuwa cheupe kote isipokuwa ukingoni, palipokuwa na alama ya buluu isiyozidi ncha ya kalamu. Tulifungua blista nyingine ishirini tukakuta tatu zenye madoa kama hayo, na zote zilivuja katika kijumba kilekile, cha pili kutoka kona ya kushoto. Hilo lilitueleza mengi. Kama joto la kuzibia lingekuwa limeshuka, uvujaji ungetawanyika ovyo. Unaporudi mahali pamoja, wa kuulizwa ni bamba la kuzibia. Tulisubiri bamba lipoe, tukalimulika kwa tochi, na katikati ya meno yake tukaona chembe ya gundi iliyoungua kutoka kwenye foili (karatasi ya alumini ya kufunikia vijumba), ndogo kuliko punje ya mchele, ikilizuia kulala sawasawa.

Mzigo ulitakiwa uondoke alfajiri. Niliagiza kila blista iliyotoka tangu jaribio la mwisho lililofaulu itengwe, na baadaye zote ziliteketezwa. Nililaumiwa kwa siku kadhaa, tena na watu ninaowaheshimu, lakini uamuzi ule ningeufanya tena leo, kwa sababu dawa iliyokuwamo ilikuwa misoprostoli.

Misoprostoli hutumika, pamoja na mambo mengine, kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hasa mahali ambapo oksitosini, sindano ya kazi hiyohiyo ambayo huhitaji kutunzwa kwenye ubaridi, haipatikani. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200 tu za dawa yenyewe. Sehemu kubwa ya kile tunachokiona kwa macho ni viungo vya kukipa umbo. Unyevu unapokifikia, kiasi hicho kidogo huanza kuvunjika, na kidonge kilichopoteza nguvu hubaki na sura ileile ya kidonge kizima. Mkunga anayekitoa usiku hana namna ya kukijua. Atampa mama, atasubiri, na damu haitakatika. Ndiyo maana huwa nasema kwamba kifungashio ni sehemu ya dawa, na kwamba boksi zuri halisaidii kitu ikiwa kijumba kimoja kimeachwa wazi.

Hali ya hewa ya kwetu inaifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi. Kwa nchi zenye joto na unyevu mwingi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa ijaribiwe kwa muda mrefu katika nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 75, pamoja na jaribio la kuharakisha la miezi 6 katika nyuzi 40 na unyevu uleule. Aliyewahi kuona chumvi ikilowana mezani Tanga au Mtwara haoni ajabu kwa takwimu hizo. Plastiki ya PVC, ile inayoonyesha vidonge, hupitisha mvuke polepole lakini bila kukoma. Ikipakwa PVDC, plastiki nyingine inayozuia unyevu, mvuke unaopita hupungua. Kwa dawa kama misoprostoli tunatumia alumini pande zote mbili, na ya upande wa vijumba kwa kawaida huwa na tabaka tatu: nailoni ya mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), alumini ya mikroni 45 na PVC ya mikroni 60. Haipashwi moto, hukandamizwa ikiwa baridi, na ukiilazimisha kuingia kwenye kona kali itapasuka. Kwa hiyo vijumba vyake lazima viwe vipana na vyenye mteremko, blista inakuwa kubwa, boksi linakuwa kubwa, na gharama ya usafiri inapanda. Kila mwaka wenzangu wa manunuzi huniuliza kama hatuwezi kurudi kwenye plastiki. Swali lao ni halali, kwa kuwa bei ya dawa humfikia mgonjwa pia, nami huwajibu kwa kuwawekea mezani matokeo ya majaribio ya dawa husika. Zipo dawa ambazo tumezirudisha kwenye plastiki bila wasiwasi.

Lakini somo kubwa sikulipata kiwandani. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia shangazi yangu kijijini, nikamsindikiza kwenye duka la dawa muhimu. Muuzaji, dada mmoja mpole na mwangalifu, alitoa blista ya vidonge kumi vya dawa nyingine, akachukua mkasi na kumkatia mteja aliyetutangulia vidonge vinne, kwa sababu fedha aliyokuwa nayo ilitosha hivyo. Kwenye blista ile namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vilikuwa vimegongwa mara moja tu, ukingoni. Mteja yule aliondoka na ukingo ule. Shangazi alipewa vidonge sita visivyo na tarehe, na kimoja kati yake kilikuwa kimeguswa na mkasi hadi foili ikafunguka pembeni.

Sikumlaumu muuzaji, na silaumu umaskini wa mtu. Dozi iliyokatizwa ni tatizo kubwa, na wafamasia wanalizungumzia kwa uzito unaostahili. Langu mimi lilikuwa dogo zaidi na lilinihusu moja kwa moja: nilikuwa nimesanifu blista nyingi za namna ile nikidhani zitafika nzima mkononi mwa mgonjwa.

Niliporudi kazini niliomba tubadilishe usanifu wa dawa mbili. Sasa kila jozi ya vidonge imetengwa kwa mstari wa vitobo ili ikatike kwa mkono bila mkasi, na jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe vinachapwa nyuma ya kila jozi mashine inapokwenda. Ugumu ulikuwa kwenye nafasi, kwa maana mstari wa vitobo unahitaji ukingo uliozibwa upana wa kutosha pande zote mbili, la sivyo vitobo vyenyewe vinakuwa njia ya unyevu. Tuliongeza milimita 2 kati ya jozi na jozi, tukarudia jaribio la maji ya buluu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, tukikata blista kwanza ndipo tuzizamishe.

Sampuli za usanifu huo ziko kwenye kabati la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, nyingine nzima, nyingine zimekatwa jozi jozi kama zitakavyokatwa dukani. Mwezi ujao natoa za miezi 12.