Kiua cha kwanza

Assalamu alaykum dada zangu.

Juma hili nimerudi kudarizi kofia ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi. Niliiweka kando sindano nilipoanza kulea, na sasa hao niliowalea wana watoto wao. Nimenunua kitambaa cheupe huko Langoni, nimevaa miwani, na kiua cha kwanza kimenitoa jasho: tundu limepanuka, uzi umekaza upande mmoja na kulegea wa pili. Zamani nilikuwa nadarizi huku napiga soga. Kijana wangu anauliza kama itakuwa tayari kwa Maulidi. Kofia ya maana hula miezi. Nimemwambia avae ya zamani.

Nilitaka kufumua yote. Ikanijia aya ya 92 ya Suratun-Nahl, ya yule mwanamke aliyeukata uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara. Najua aya ni ya viapo na ahadi, siipindishi. Ila nani kati yetu hana ahadi aliyompa Mola wake ikalala?

Yangu mimi ni uradi, kisomo changu cha kila siku baada ya Alfajiri. Uliniponyoka miaka ile ile ya kulea, na kilichonizuia kuurudia si kazi, ni kuona haya. Shetani hakuambii ibada ni mbaya, hathubutu. Anakuambia umechelewa, utaanzia wapi wewe, na watu watasemaje. Wallahi dada zangu, msimsikilize! Aliyesema "msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu" hakuweka muda wa mwisho kwa aliye hai. Anza na kidogo. Bibi Aisha ametupokelea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa chache. Ukurasa mmoja wa msahafu unatosha, mradi kesho uwepo tena.

Na hapa nitasema, anayekasirika akasirike. Tuna tabia mbaya darsani. Mtu akionekana baada ya kupotea, tunamkaribisha kwa kijembe: "Leo jua limechomoza magharibi!" Tunacheka, naye anacheka, halafu harudi. Nani atabeba dhima hiyo? Akija mtu, msogeeni akae. Mpeni kahawa. Ya alikokuwa yaacheni.

Na wewe unayesoma kimyakimya, darsa ni baada ya Alasiri kama siku zote. Njoo hata kama umesahau ulipofikia, tutakutafutia ukurasa.