Kutafuta pikapu ya kuvuta karavani: kumbukumbu za mradi, Februari hadi Juni

Februari

Karavani imetangulia, gari litafuata. Ina ekseli mbili na vitanda vya watoto kule nyuma, na tumeinunua kwa mzee mmoja hapa Aurora, Colorado, aliyeitunza vizuri sana. Kibandiko cha ubavuni kinasema ikijazwa isizidi paundi 8,800, karibu tani nne. Brosha yake inataja uzito wa kilo 3,050, ila huo ni uzito wa karavani tupu, haina hata kijiko kabatini. Tia betri, mitungi ya gesi, matandiko, vyombo na chakula, halafu ujaze tangi la maji ambalo peke yake ni kilo 150, uone inavyopanda. Ndiyo maana hesabu zangu zote nazifanya kwa tani nne.

Machi

Shemeji yangu alinisindikiza kwenda kuangalia magari. Tulioneshwa pikapu ya daraja la kawaida, wanayoiita nusu tani, nzuri kweli, na muuzaji akasema inavuta zaidi ya tani tano. "Shemeji, unatafuta nini tena?" akaniuliza. Nikamwomba afungue mlango wa dereva.

Kwenye nguzo ya mlango, chini ya kufuli, kuna kibandiko cha matairi chenye mstari wa manjano. Kinasema uzito wa abiria na mizigo kwa jumla usizidi kiasi fulani. Kiasi hicho hupimwa kwa gari lile lile, pamoja na viti vyake na paa lake la kioo, kwa hiyo magari mawili ya jina moja yaliyopangwa jirani yanaweza kupishana kwa kilo mia na zaidi. La siku ile liliandikwa paundi 1,590, yaani kilo 721.

Tukakaa palepale na kalamu. Shingo ya karavani hulalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani yote. Ikipungua hapo, tela linaanza kuyumba barabarani. Nikachukua asilimia 13 ya tani nne: kilo 520. Kiungio chenye vyuma vya kugawa uzito, kilo 45. Sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe ambaye atakuja kutoka Morogoro kiangazi hiki, kilo 340. Jenereta, baiskeli, mkaa na maboksi ya barafu kwenye bodi, kilo 150. Jumla ni 1,055. Gari la kuvuta tani tano lingezidiwa kwa zaidi ya kilo 300 kabla halijasogea.

Hakuna uongo katika ile tani tano. Hupimwa kwa utaratibu unaoitwa SAE J2807, na sehemu ya majaribio yake imetokana na mpando mmoja wa barabara huko Arizona uitwao Davis Dam, maili 11 na ushee za kupanda wakati wa joto kali. Injini na giaboksi kweli zinaweza. Ila gari linalopimwa hubeba dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mtu. Familia yenye watoto na mama mkwe haimo. Naomba sana yeyote anayepanga safari kama hii aanzie kwenye nguzo ya mlango, mengine baadaye.

Aprili

Basi tumehamia kwenye magari mazito: F-250, Ram 2500, Silverado 2500. Nilikuja na wazo la dizeli, na moyo wangu bado uko huko. Cummins ya silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 6.7, inavuta kutoka chini bila kelele, na breki ya ekzosi ni neema mteremkoni. Aliyewahi kupanda basi likishuka Kitonga atanielewa.

Lakini nikafungua milango. Ram 2500 ya dizeli niliyoipenda iliandikwa paundi 2,040, kilo 925. Haitoshi! Sababu ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiufundi. Magari ya daraja hili mara nyingi husajiliwa yasizidi paundi 10,000, gari na vyote vilivyomo. Injini ya dizeli pamoja na vifaa vyake ni nzito kuliko ya petroli kwa kilo mia kadhaa, na kilo hizo zinakatwa kwenye mzigo wako. Anayetaka dizeli na familia kubwa apande daraja, achukue ya 3500 au F-350. Springi zake za nyuma ni ngumu zaidi na likiwa tupu linarusha kidogo. Hapo unaongeza pia bei ya injini ya dizeli yenyewe, karibu dola 10,000 juu ya ile ya petroli.

Upande wa petroli nilivutiwa na F-250 yenye V8 ya lita 7.3, injini iliyoanza na magari ya mwaka 2020. Ni chuma cha kusubu, valvu zinasukumwa kwa fito za mtindo wa zamani, haina tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Kibandiko: paundi 3,250, kilo 1,474.

Hofu yangu ni mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Denver tayari uko mita 1,600, na handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70 liko mita 3,400, kwa hiyo pale juu theluthi moja ya nguvu imeshayeyuka. Nimelipima hili kwa wiki kadhaa. Kupanda polepole ni suala la subira, wakati kuzidisha uzito kunagusa matairi, breki na ekseli. Tena siku za kawaida gari litakwenda kazini dakika kumi na kurudi, na kichujio cha moshi cha dizeli hakipendi safari fupi za baridi. Tumechagua petroli.

Mei

Gari liko nyumbani. Kidhibiti cha breki za tela kimo kwenye dashibodi tangu kiwandani, plagi ni ya pini saba. Nimefunga tufe la chuma la kuungia tela, la inchi 2 na 5/16, na kukaza boliti kwa spana ya kipimo.

Juni

Mizani. Vituo vikubwa vya malori vina CAT Scale, na kwa dola chache unapata karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Hakuna askari wala foleni kama Kibaha. Tuliingia wote, pamoja na mama mkwe, maji robo tangi.

Gari bila tela: mbele kilo 1,850, nyuma 1,750. Tela likiwa limeungwa, vyuma vya kugawa uzito havijakazwa: mbele 1,680, nyuma 2,410, ekseli za tela 3,190. Tazama mbele ilivyonyanyuka kwa kilo 170. Hayo ndiyo matairi yanayokata kona. Vyuma vilipokazwa: mbele 1,780, nyuma 2,230, tela 3,270. Gari na vyote vinavyolilemea ni kilo 4,010, na ruhusa yake ni 4,536. Shingo imetoka kilo 490, asilimia 13 ya tela lote.

Kisha tukapanda I-70 kuelekea lile handaki la Eisenhower. Baada ya mji wa Georgetown injini ilikuwa ikinguruma mizunguko 4,500, sisi tukiwa mkono wa kulia na malori, kilomita 65 kwa saa, joto la giaboksi limetulia. Kushuka kuelekea Dillon niliweka hali ya kuvuta, gia ikajishusha yenyewe, na breki nilizigusa kwa vipindi, nikikanyaga kwa nguvu na kuachia. Mama mkwe alisinzia njia nzima.

Matairi ya tela yameandikwa ST na kasi yake haipiti kilomita 105, basi hiyo ndiyo kasi yetu. Mwezi ujao ni Moab, Utah. Maji tutajaza tukifika, kilo 150 zisipande mlima bure.