Siku moja na simuleta: kuizima au kuiacha iwake?

Saa 12:40 asubuhi. Uwanja wa Wilson, Nairobi, bado una ukungu na mimi ndiye wa kwanza kufika. Simuleta yetu, mashine ya kufunzia urubani bila kuruka, ni ya ndege ndogo ya Cessna 172, ya kukaa palepale, haina miguu ya kuitikisa. Nawasha projekta, halafu kompyuta za picha, halafu ile kubwa inayokokotoa mwendo wa ndege. Usukani na pedali lazima vitambuliwe kabla programu haijafunguliwa, la sivyo Windows hubadilisha namba za vifaa na usukani ukajikuta umepewa kazi ya pedali. Nakanyaga pedali mpaka mwisho, kushoto na kulia, nikitazama mstari kwenye skrini. Ukirukaruka, kuna vumbi.

Saa 2:00. Mwanafunzi wa kwanza anatua JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoongoza ndege hadi njia) ya njia 06, mawingu chini. Kazi yangu hapa ni kukaa kimya.

Saa 4:00. Ubishi wa kila siku. "Iache hivyo hivyo kijana," anasema Kapteni, mwalimu, "bonyeza pozi tu isimame, mwenzake yuko mlangoni." Namjibu, "Sawa Kapteni, nipe dakika tano." Nafunga programu na kuifungua upya, bila kuzima kompyuta. Kila mwalimu anapobadilisha uwanja au hali ya hewa, programu huchukua kumbukumbu zaidi na hairudishi yote. Waliorusha Microsoft Flight Simulator X ya 2006 wanaujua uchungu huo: ilikuwa ya biti 32, haikuweza kushika zaidi ya gigabaiti 4, na ilipenda kukata ukiwa fainali, yaani ukikaribia kutua, baada ya saa nzima ya safari. Za siku hizi ni za biti 64 na zina nafasi tele, lakini picha huanza kukwamakwama kabla programu haijaanguka, na mwanafunzi anadhani ni mkono wake.

Kapteni ana hoja, na nzito. Somo lililopita liliacha altimita, kipimo cha urefu, kwenye shinikizo la kawaida la hewa, 1013, na leo QNH, shinikizo la leo kwa usawa wa bahari, ni 1021. Kila hektopaskali ni kama futi 30, kwa hiyo pale JKIA, futi 5,330 juu ya bahari, kipimo kinasoma chini kwa karibu futi 240 ndege ikiwa imesimama. "Aikute hivyo," anasema. "Ndege ya kweli nayo huachwa na mipangilio ya rubani wa jana." Hapo nampa haki yake, nairudisha altimita kwenye 1013 na kunyamaza.

Saa 5:15. Lakini kuna hili. Jana jioni, katika zamu isiyokuwa yangu, pozi ilibonyezwa na hitilafu ya kuigiza, ya pampu ya vakyumu inayoendesha upeo bandia, ikabaki ndani. Mwanafunzi aliyefuata alikuja kujifunza kupanda na kugeuka tu. Upeo bandia, kile kipimo cha buluu juu na kahawia chini, ukaanza kulala polepole upande wa kulia. Yeye akaufuata, akipinda kushoto kuunyoosha, na mwalimu akamkemea mpaka alipotazama orodha ya hitilafu. Altimita anaweza kuikagua kabla hajaondoka. Pampu iliyouawa na somo la mtu mwingine ni uongo wa mashine.

Saa 7:00. Ugali na sukuma. Programu nimefunga, projekta zinawaka. Za taa ya zebaki huliwa na kila kuwashwa, na ukizizima zikiwa moto huwezi kuziwasha tena mpaka feni imalize kupoza. Kuzizima kwa chakula cha nusu saa ni hasara tupu.

Saa 9:20. Stima inapotea, jenereta inashika. Kompyuta na projekta ziko kwenye UPS, betri ya akiba, hatuhisi kitu.

Saa 12:15 jioni. Sasa nazima kila kitu, na ninamaanisha kuzima. Windows 10 na 11, ukibonyeza kuzima kwa kawaida, haziui kiini cha mfumo; hukiandika kwenye diski na kukirudisha asubuhi, pamoja na madudu yake. Kuanzisha upya ndiko husafisha. Hapa huduma hiyo ya kuwaka haraka niliifunga siku ya kwanza, na asubuhi inachelewa kidogo. Kapteni analalamikia hilo pia. Kesho ameshika nafasi ya saa moja kamili, kwa hiyo nitaingia saa 12:15 asubuhi.