Mzee wa Kanuni Alipotunzwa

Kundi letu la muziki lilipotimiza miaka 10 tulibishana sana tupige nini. Wengine walitaka Mozart, kwa hoja kwamba ndiye anayejaza viti. Kiongozi wetu akang'ang'ania In C ya Terry Riley, Mmarekani aliyeitunga mwaka 1964. Ni vipande vifupi 53, vyote vinaenea kwenye ukurasa mmoja. Kila mpigaji anavipitia kwa mpangilio, anarudia kila kimoja mpaka aridhike, ndipo asogee. Ala yoyote inakubalika. Sharti ni kusikilizana na kutowaacha wenzako mbali.

Basi tukaalika watu: wapiga tarumbeta wa bendi ya kanisani, kijana wa marimba aliyesomea Bagamoyo, na mzee mmoja wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, aliyezeekea kwenye taarab. Mzee hakuwa na habari na noti za karatasi. Tulimrekodia vipande vyote kwenye simu, akawa anavisikiliza ndani ya daladala za Mbagala, na akavishika kabla ya sisi wenye vyeti.

Mimi nilipewa mapigo, yaani do mbili za juu kwenye piano, zinazogongwa bila kukoma ili wengine wasipotee. Wazo hilo lilitoka kwa mtunzi mwenzake Riley, Steve Reich, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wa onyesho la kwanza kule San Francisco. Shangazi alipokuja kunipitia mazoezini, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, miaka yote hiyo ada tuliyolipa, wamekufundisha hiyo hiyo tu?"

Onyesho lilikuwa Upanga, Februari, na joto lake. Feni tulizima kwa sababu zilikuwa zinapeperusha karatasi, nyuzi za violini zikawa zinalegea hata kabla hatujaanza. Tulisubiri swala ya isha ipite. Mbele walikaa wazungu na wazoefu wa maonyesho ya namna hii, wale wanaopiga makofi kwa adabu hata kama hawajafurahi. Nyuma walikaa akina mama waliomfuata mzee, wamejipamba, na kwa muda mrefu walitulia kama wako matangani.

Tulikuwa tumekaribia nusu. Mzee, risha zake mbili za kudonolea nyuzi zimebanwa na pete kwenye vidole vya shahada, alikuwa kwenye kipande kimoja chepesi tu, akaanza kukitia madoido kidogo mwishoni. Mama mmoja akainuka. Hakuwa na haraka: anatupa bega, anasimama, anatupa bega tena, noti ya elfu tano imekunjwa katikati ya vidole. Akapanda jukwaani, akampitishia mzee usoni, akaiweka juu ya kanuni. Mhudumu wa mlangoni alitaka kumfuata, sijui nani alimshika shati. Mara wenzake nao wakapanga foleni.

Sasa mtu anatunzwa, atahamaje? Mzee akabaki palepale, anakirudia kipande kwa kila aliyepanda. Tarumbeta zilizokuwa kwenye vipande vya mbele zikaganda zilipofika, zikimsubiri, violini zikamzunguka, marimba ikapata raha ambayo mazoezini haikuipata. Naona sharti la Riley tulilitimiza usiku ule kuliko siku zote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na sababu ya kurudia. Kidole changu cha shahada kilikufa ganzi, nikahamia cha kati, kisha mkono wa kushoto. Tulipanga dakika 45, tukapita saa nzima.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, mweka hazina alitoa daftari aandike zile hela pamoja na za tiketi. Mzee akamzuia.

"Tunzo haiandikwi, mama. Inagawanywa."

Akazipanga mezani, akaanza na tarumbeta. Alipofika kwangu akanitazama vidole.

"Na huyu wa ngo-ngo-ngo mpeni ya soda mbili."