Lile jeupe

Mama alimwambia mke wa mchungaji kwamba gari langu liko gereji. Mnaonisoma tangu zamani mnajua sina gari, sijawahi kuwa nalo, na kwamba nyumbani Maragoli, magharibi mwa Kenya, hufika kwa baiskeli kila mvua inaponiachia nafasi. Maneno yenyewe yalikuwa haya, na tangu Jumamosi hayajaniachia usingizi.

"Kumbe binti yako yuko! Mbona sikusikia gari?"

"Liko gereji," Mama akajibu, mikono ikiendelea kuchambua mrenda, kichwa hakuinua. "Lile jeupe."

"Pole, mwanangu." Mke wa mchungaji alinigeukia kwa huruma ya kweli. "Gereji nazo zinakula pesa."

"Asante, mama," nikasema.

Basi. Wakarudi kwenye habari za harambee ya paa la kanisa, nami nikabaki nimeshika kikombe.

Iliniuma kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimefika na furaha ya kugawa. Nilitoka Kisumu kabla ya alfajiri ili nimalize ile barabara kubwa ya Kakamega malori yakiwa bado yamelala. Mpaka Kiboswa ni kupanda, na baada ya Kiboswa ni kupanda tena: ziwa liko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na matuta ya Maragoli yanapita 1,500. Njiani unavuka Ikweta bila mtu kukuambia (bango ambalo watu hupigia picha liko Maseno). Jua lilinikuta Mbale, kwenye yale majabali, na moshi wa majiko ya asubuhi ulikuwa umetanda chini mabondeni.

Anayeijua Maragoli anajua siri yake. Matuta yamelala kama vidole, na barabara nyingi nzuri hupita mgongoni mwa tuta, juu kabisa, maji yakimwagika huku na huku. Ukifuata mgongo, unapumzika. Ukitaka kuvuka kwenda tuta la pili, lazima ushuke hadi kwenye kijito, kwenye nduma na mikaratusi na watu wanaochoma matofali, halafu upande upya kila mita uliyoiteremka. Mimi hupenda kuvuka. Huko ndiko hakuna matatu. Unasikia cheni yako, na mtu akisafisha koo upande wa pili wa bonde.

Jumamosi sikwenda nyumbani moja kwa moja. Baada ya Chavakali niliiacha lami, nikapunguza upepo wa tairi, nikateremka kwa murram hadi mto Yala. Kule juu kidogo mto huu bado ni wa Wanandi. Kule chini utaishia kwenye kinamasi cha Yala na ziwani. Hapa katikati unatutenganisha sisi na Waidakho, na baada ya mvua rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyokolea. Nateremka polepole siku hizi. Tangu Suleiman Kangangi, kijana wetu wa Eldoret, alipoanguka na kufariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, kwenye barabara ya changarawe kama hizi zetu, vidole vyangu havitoki kwenye breki. Darajani nilikaa, nikala ndizi mbili, nikasalimiana na watoto waliobeba mitungi kutoka chemchemini. Kisha nikapanda. Kuna mahali kwenye mpando ule ambapo gia zote zimeisha na bado kona haijafika, na mama mmoja aliyebeba majani ya nepia ya ng'ombe kichwani akawa ananipita huku akinipa moyo. Nilimshukuru kwa pumzi niliyokuwa nayo.

Nilifika kwetu kabla ya saa nne. Hii nayo ni hesabu ya lazima: huku hupata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri, upepo wa ziwani ukikutana na ule wa nyanda za juu, mara nyingi pamoja na mvua ya mawe. Kwa hiyo nilifika mkavu, mwenye vumbi, mwenye njaa, nikaiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza. Mke wa mchungaji alipoingia, haikuwa pale tena. Ilikuwa nyuma ya jiko.

Tangu hapo ni maswali. Aliihamisha saa ngapi? Na kwa nini jeupe? Mtu anayeokoa aibu ya ghafla husema "gari liko gereji" akaishia hapo. Haongezi rangi. Mama ni Friends wa kuzaliwa, yaani Quaker, watu ambao tangu misheni ya Kaimosi ilipoanza mwaka 1902 wamefundishwa kutoapa hata mahakamani, kwa sababu neno lako la kila siku linatosha kuwa kweli. Mwanamke huyo aliniadhibu nikiwa darasa la tatu kwa kusema nimeoga wakati nilikuwa nimenawa miguu tu. Leo anasema "lile jeupe" bila kupepesa.

Wiki ilipita hivyo. Mtoto tumempeleka bweni, barua ya cheo imetoka na nimehamishiwa kitengo kingine cha maabara, na katikati ya hayo yote nilikuwa nasikia "lile jeupe". Nikichomeka mirija kwenye mashine, lile jeupe. Nikipanga masanduku ya mtoto, lile jeupe. Nilianza kuandaa hotuba. Ningemwambia, Mama, baiskeli hii niliinunua kwa pesa yangu. Ningemwambia, Mama, madaktari wenyewe wanatutuma tufanye mazoezi. Ningemwambia, Mama, unanionea haya mbele ya watu?

Alhamisi usiku wifi yangu akapiga simu kuhusu mchango wa chama. Tulipomaliza ya pesa, nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amewahi kusikia habari za gari langu.

"Lile jeupe?" akasema.

Nikanyamaza.

"Wifi, hilo gari tunalijua sote. Mama analileta chamani kila tukikutana. Mara lilipita Kaimosi asubuhi na ukungu, kwenye mashamba ya chai. Mara lilikwenda Shamakhokho likarudi kwa njia ya ndani. Hata juzi ametuambia uliteremka Yala kwa murram, ukakaa darajani, ukala ndizi mbili. Sisi tukaulizana tu gari linapitaje pale."

Ndizi mbili. Hilo la ndizi nilimwambia Mama mwenyewe Jumamosi, nikinawa mikono, naye alinijibu "mh" kama anavyonijibu kila Jumapili jioni ninapompigia simu na kumwelezea nilikopita. Miaka yote nimedhani anasubiri nimalize ili aniulize kama nimekula. Kumbe alikuwa anapokea kila kitu: ukungu, chai, daraja, njia ya kurudia. Anabadilisha chombo peke yake, mengine yote anayafikisha salama.

Nililia kidogo, nawaambia ukweli, halafu nikacheka mpaka wifi akauliza kama niko sawa. Mama hajawahi kufika Shamakhokho kwa njia ya ndani. Goti halimruhusu kwenda hata kisimani. Na yuko mwanamke pale chamani, ambaye simjui, anayejua kwamba asubuhi Kaimosi kuna ukungu kwenye chai kwa sababu mimi nilipita.

Ile hotuba sijaitoa. Jana jioni nilimpigia mapema, siku isiyo ya simu yetu, nikamweleza njia ninayoitaka wiki ijayo: kutoka Mudete, kushuka kwenye kijito, kuvuka, kufuata mgongo wa tuta mpaka pale Yala inapoonekana kwa chini. Sikuharakisha. Nilimpa majabali, nilimpa mahali ambapo murram inakuwa nyekundu sana, nilimpa mkaratusi ulioanguka.

"Mh," akasema. Kisha, baada ya muda: "Hapo kwenye kijito, kuna mahali pa kuegesha?"

"Pako, Mama. Pana kivuli."

"Haya. Umekula?"

Nimekula vizuri na nimelala vizuri. Ila leo asubuhi nikitoka kununua maziwa nimekuta alama ya X, ile ya majengo ya kubomolewa, imepigwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ploti yetu, upande wa barabarani, na kwa jirani pia. Mwenye nyumba hashiki simu. Kodi ya mwezi huu nilishamtumia, na mlinzi anasema waliopiga rangi walikuja usiku na futi ya kupimia, hawakuacha karatasi yoyote.