Nimejaribu detekta tatu za metali, na mchanga wenye chumvi ndio ulionifunza

Detekta yangu ya kwanza ilikuwa ya masafa mamoja tu ya mawimbi (frikwensi moja). Kwenye udongo mkavu ilinifaa sana, ila nilipoipeleka kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi ilianza kulia ovyo. Kila hatua mlio, nachimba, mchanga mtupu. Nilivunjika moyo kweli.

Kisha rafiki akaniazima Equinox 800 ya Minelab, kampuni ya Australia. Hii hutumia masafa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo chumvi haiibabaishi sana. Nikasikia mlio mmoja safi. Nikapitisha koili (ile sahani ya chini inayonasa metali) tena, nikageuka robo duara, nikapitisha upande mwingine: mlio uleule. Kina cha kiganja hivi, nikatoa pete nyembamba ya fedha, mchanga umeganda kwa ndani. Mikono ilinitetemeka hata kufukia shimo nikachelewa.

Ya tatu, XP Deus ya Ufaransa, nimeipenda kwa wepesi. Koili yake haiunganishwi kwa waya, unazunguka saa nyingi bila mkono kuchoka. Lakini anayeanza atahitaji subira na mipangilio yake.

Sasa natamani detekta ya Nokta, kampuni ya Uturuki. Mliowahi kuitumia, kwenye udongo wenye chuma kingi inatulia?